Kitambaa Tulichokipeleka Kerende

Tangu nirudi, kila anayenikuta kisimani au kanisani ananiuliza, "Nyangi, ulikwenda kufanya nini na wale watu wa kitambaa?" Nimesimulia mpaka nimechoka. Mmoja nilimpa mwanzo, mwingine nikampa mwisho, na sasa nasikia watu wanaunganisha wenyewe, wanasema nilikwenda Kerende kudai shamba. Sikudai shamba. Kwa hiyo naandika. Aliyesoma amsomee asiyesoma, halafu nisiulizwe tena. Shule niliishia darasa la nne, mtavumilia.

Kitambaa chenyewe kwanza, maana wengi hamjakielewa. Mwalimu Neema, yule wa sekondari aliyehamishiwa kwetu kutoka Njombe, alisomea usanifu. Maana yake ni kukipanga kitu vizuri kabla hakijatengenezwa, ili atakayekitumia akielewe bila kufundishwa. Alituona wazee tunavyobishana: hapa palikuwa na msitu, hapana, palikuwa na mbuga. Akasema tushone kitambaa kirefu cha njia yote, kutoka Morotonga mpaka Kerende, na kila mahali tuweke kipande kinachofunuka. Juu unashona kilichopo leo. Ukikifunua, kama unavyofunua chungu jikoni, chini unakuta kilichokuwepo zamani. Maandishi hakuna.

"Na nani atasema kilichokuwepo ni kweli?" nilimwuliza.

"Ninyi wenyewe, bibi."

"Wazee ni waongo kuliko watoto," nikamwambia. "Kitu kishonwe kama kimeonwa na watu wawili, kwa macho yao, siyo kuambiwa. Cha mtu mmoja abaki nacho mwenyewe."

Kikundi chetu chote cha kushona kikakubali. Sheria hiyo ni yangu, msimlaumu mwalimu.

Na mimi nilikuwa na langu. Kerende ndiko nilikozaliwa. Mama alikufa huko mimi nikiwa sijabadilisha meno, akazikwa kwenye mji wetu. Kwetu mji ni boma la mtu: nyumba zake, zizi lake na uzio wake. Nikaolewa huku Morotonga, ardhi ile ikaingia mikono mingine, kaka yetu aliyejua kila kitu akafariki. Kaburi halikuwa na saruji. Aliyebaki ni Bhoke, dada yangu mkubwa, anayeishi Kerende kwa mwanawe, naye anaumwa. Mimi na Bhoke tulikuwa tukionana misibani tu, na msibani huulizi habari za msiba mwingine. Nilitaka mji wa mama uingie kwenye kitambaa wakati bado tuko wawili. Hicho ndicho kilichonipandisha garini.

Kutoka Morotonga

Chacha, mwenye Canter, alisema tutaondoka alfajiri. Alfajiri ikapita, jua likapanda, mimi nimekaa juu ya gunia langu la mtama la kumpelekea Bhoke. Alipokuja alikuwa amepakia mabati ya shemeji yake.

"Mura," nikamwita, kama tunavyowaita vijana, "hii ni alfajiri ya wapi?"

"Ni alfajiri ya gari, bibi. Gari nalo huamka."

"Shikamoo huna?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Shusha hayo mabati."

Hakuyashusha. Tulikwenda nayo yakipiga kelele nyuma, na Mzee Marwa akayakalia kama kiti. Mzee Marwa mnamjua, wa rika moja na marehemu mume wangu, ananiita shemeji na hana adabu. Ujanani alizunguka nchi hii yote na ng'ombe, kwa hiyo mwalimu alimtaka sana. Tulikuwa sisi wanne tu, wengine wa kikundi walibaki, wanavuna.

Kituo cha kwanza hakikuwa mbali. Pale tulipokuwa tukiokota kuni, ambapo mchana palikuwa na giza la miti, sasa ni nyumba za bati jekundu zimefuatana mpaka barabarani. Mimi niliuona ule msitu, Marwa aliuona. Mwalimu akakata kitambaa chekundu, nikashona. Chini tukaweka kijani kilichokolea. Haikuchukua muda. Nikadhani kazi yote itakuwa hivyo.

Nyansurura

Nyansurura tulinyimwa maji ya kunywa. Tulisimama kwenye mji mmoja, tukatandaza kitambaa chini, mwalimu akatoa kamba yake ya kujua umbali. Kosa likawa hiyo kamba. Watu walitoka mashambani na majembe. Wanawake wakasimama mbele, na hapo ujue mambo ni mabaya.

"Mnapima," akasema mmoja, mwanamke mnene anaitwa Robi. "Mnaweka bikoni za mipaka."

"Hatupimi, mama," mwalimu akamjibu kwa Kiswahili chake cha kistaarabu. "Tunashirikiana na jamii kuangalia mabadiliko ya mandhari."

Hapo ndipo akaharibu kabisa. Watu wa huku wakisikia neno kama hilo wanajua kesho shamba si lao. Robi akakanyaga ncha ya kitambaa kwa mguu wenye tope.

Nikashuka garini. Nikamwambia kwa Kikurya aondoe mguu wake, kwamba umri wangu ni wa mama yake, na kwamba mtu anayekuja kuiba shamba haji na sindano. Nikamfunulia kile kipande cha Morotonga. Akakitazama. Akakifunika, akakifunua tena. Akaita wenzake.

"Hapa kwetu mtaweka nini chini?" akauliza.

"Mlichokiona. Nyinyi semeni."

Sasa ikawa vurugu nyingine. Robi akasema nyumbu walikuwa wakifika mpaka pale mlangoni pake, wanalala kama mbuzi. Wifi yake akasema hajawahi, walikuwa wakiishia ng'ambo ya korongo.

"Wewe uliolewa huku juzi," Robi akamwambia.

"Juzi ipi? Nina wajukuu."

"Nyumbu walikwisha kuondoka wewe ukiwa bado unanyonya huko kwenu."

Walibishana mpaka akaja mzee mmoja wa jirani, akasema aliwaona pande zote mbili za korongo. Tukashona nyumbu ng'ambo zote mbili, na juu yake mahindi na miti ya milingoti, maana ndivyo palivyo leo. Robi alishona nyumbu wake mwenyewe, akampa pembe ndefu kama ng'ombe.

Tulichinjiwa mbuzi. Mwalimu Neema alipewa kichuri, ile supu yetu ya matumbo yenye uchungu wa nyongo, na hakuna aliyemwonya. Akanywa bakuli zima kwa heshima, machozi yanamtoka, akasema asante. Robi akamwongezea.

Ugomvi wetu wenyewe ulikuja jioni ile. Mzee Marwa alitaka tushone chemchemi aliyokuwa akinyweshea, chini ya jiwe moja, sasa ni pakavu na pamelimwa. Tukauliza mji mzima. Hakuna mwingine aliyeiona.

"Basi haishonwi," nikasema.

"Shemeji, ng'ombe wangu walikunywa pale."

"Walete ng'ombe waseme."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Alikwenda kukaa juu ya mabati ya Chacha na hakunisemesha mpaka kesho yake.

Kusubiri mto

Kabla ya kufika daraja la Mto Mara kuna korongo linalokatisha barabara, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha juu. Maji yalikuwa yanapita kwa hasira. Chacha akasema Canter inapita. Nikamwambia ipite na yeye, sisi tutamtazama. Akazima gari.

Tulikaa hapo mpaka makalio yakafa ganzi. Walikuwepo watu wa pikipiki, mama mmoja anachoma mahindi, na mwanamume wa makamo mwenye ng'ombe aliowanunua mnadani. Mahindi yalikuwa magumu kama kokoto, lakini tulikula. Mwalimu akatandaza kitambaa juu ya bodi ya gari tushone mto wakati tunasubiri. Kwa mto wa leo akachukua uzi wa rangi ya tope. Chini nikamwambia aweke bluu, maana zamani ukiingia Mto Mara ulikuwa ukiiona miguu yako. Mzee Marwa akatikisa kichwa kukubali, bila kuniangalia.

Yule mwenye ng'ombe alikuwa amesimama nyuma yetu. "Samahani wazee wangu. Mnashona masika au kiangazi?"

"Una maana gani?"

"Masika mto ulikuwa wa tope hata wakati wa babu yangu. Leo mmeutazama masika. Wa zamani mnaukumbuka wa kiangazi. Mnaulinganisha mzee na kijana."

Sikupenda kusahihishwa barabarani na mtu nisiyemjua. Lakini alikuwa ameona sawa. Tulifumua, tukashona mto mara mbili, wa masika na wa kiangazi, kila mmoja na kifuniko chake. Wa masika juu tope, chini tope. Mwalimu alifurahi kuliko siku zote, akasema hiyo ndiyo maana ya kutazama pamoja. Mimi nilikuwa nafikiria Bhoke. Nilikuwa nimesikia kwamba wiki ile alikuwa haamki kitandani.

Maji yalipopungua tulivuka korongo, kisha daraja. Chacha alipita polepole.

Shamba la Kerende

Kuna vilima pale ambavyo Mungu hakuviweka. Ni kifusi cha mawe ya mgodini, kimepanda, kimejipanga, kina mabega. Nilipoondoka kuolewa hakikuwepo. Sikuja kusema nani amekosea, naandika nilichokiona. Nilitafuta vilima vyangu vya utoto, nikashindwa kujua kipi ni cha zamani na kipi ni cha kumwagwa. Nilishika mlango wa gari.

"Bibi, twende kwanza kwa dada yako akuonyeshe?" mwalimu akauliza.

"Mji wa baba yangu nitauona mwenyewe."

Na niliuona. Tulikuwa tunapita kando ya mashamba, mahindi mafupi, ya njano, yamekosa mbolea. Katikati yake pakawa na duara. Ndani ya duara mahindi ni marefu, meusi kwa ukijani. Wote mliofuga mnajua hiyo ni nini. Palipokuwa na zizi, ardhi haisahau mavi ya ng'ombe, hata wenye ng'ombe wakishakufa. Ukingoni palibaki minyaa ya uzio, imezeeka. Nikasema simama.

Mzee Marwa akashuka nyuma yangu. Akatazama huku na huku. Akavua kofia.

"Nilipita hapa kijana," akasema. "Tulikunywa maziwa. Huu ni mji wa Mzee Mwita. Shemeji, kumbe wewe ni binti wa Mwita?"

Mwita ni baba yangu, na sikuwa nimemtajia. Nikakaa chini palepale kwenye mahindi ya watu.

Nikawaambia nilichokuwa sijamwambia mtu. Kwamba mama sina sura yake. Nina kitu kimoja tu: mwanamke amepiga magoti mlangoni, anasaga nafaka ya wimbi kwenye jiwe, kichwa kimeinama, mgongo unakwenda na kurudi. Mimi niko nyuma yake, nimeshika nguo yake ili nami niende na kurudi. Basi.

"Nilimwona," akasema Mzee Marwa. "Alikuwa anasaga. Tulipomsalimu hakuinua kichwa."

Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo, "Wote wawili mmemwona?"

"Wote wawili," nikasema.

Nilishona mwenyewe, hakuna aliyenisaidia. Juu, mahindi, duara la kijani kilichokolea. Chini, mji: nyumba, zizi, minyaa, na mlangoni mwanamke anasaga. Pembeni ya nyumba nikaweka kaburi lake kwa uzi mweusi. Nikafunga fundo. Nikachukua udongo wa pale kwenye ncha ya kanga. Miaka yote hii, na sasa mama yangu alikuwa na mahali. Mzee Marwa alinishika mkono kunipandisha garini, na sikumkatalia.

Kwa Bhoke

Bhoke alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya mwanawe, amefunikwa blanketi, juani. Amekonda. Macho yameingia ukungu, haoni tena. Nilimwamkia, akanijua kwa sauti.

"Bado unasema kama unagombana," akasema.

"Na wewe bado unasemasema."

Nikampa mtama. Nikampa na ule udongo, nikaumimina mkononi mwake. "Nimetoka kwa mama," nikamwambia.

Akausaga kwa vidole. Akanusa. "Huu ni wa zizi. Wapi?"

Nikamweleza. Mashamba, duara, minyaa.

"Ulipokuwa umesimama, kile kilima cha mawe mawili kilikuwa mkono gani?"

"Kulia. Hicho peke yake nilikitambua."

Bhoke akapapasa mpaka akaishika ncha ya kanga. Ule udongo akaurudisha kwenye kanga yangu taratibu, asimwage.

"Nyangi, huo ni mji wetu wa pili. Mama alipokufa, na ndama nao wakafa, baba alisema mahali pale pameharibika. Akatuhamisha. Huko ulikokwenda mama hakuwahi kulala hata siku moja."

"Nilimwona akisaga."

"Ulimwona nani?"

"Mama. Na Mzee Marwa huyu alimwona. Mlangoni, amepiga magoti."

"Ni mimi," Bhoke akasema.

Nikatazama mikono yake.

"Nilikuwa binti mdogo tu, mgongo ulikuwa unanikatika. Ulikuwa hutaki kuniachia nguo. Ukaniita mama. Siku ya kwanza nikakukataza, ukalia mpaka ukatapika. Baba akasema mwache. Sikukukataza tena. Ulipokua ukaanza kuniita dada, nikajua umeelewa."

Mzee Marwa akasema polepole, kama anaomba radhi, "Mimi niliona mtu ameinama. Sikumwona uso."

Mwalimu Neema aliinuka, akaenda kusimama karibu na gari.

Nikamwuliza Bhoke kaburi liko wapi basi. Akanyoosha mkono, haoni, lakini mkono ulikwenda moja kwa moja. Nilipoufuata kwa macho nikaona kifusi. Katikati ya kifusi, siyo ukingoni. Watu wa mgodi walipohamisha makaburi ya pale, yeye alikuwa bado kwa mumewe Sirari na kaka amekwisha kufa. Hakuna aliyekuwepo wa kulionyesha la mama kwa kidole.

"Shona hapo," Bhoke akasema. "Juu mawe, chini mama."

"Nani ameona?"

"Mimi. Nilibeba udongo kwa mikono hii."

"Na wa pili?"

"Wewe. Ulikuwepo, ulikuwa mgongoni kwangu."

"Sikumbuki."

"Sema unakumbuka. Nani atakuuliza?"

Mwalimu alirudi. Akasema, "Bibi, sheria tuliiweka sisi. Tunaweza kuiachia hapa." Mzee Marwa naye akasema, "Shemeji, hakuna atakayekulaumu. Mimi wa kwanza sitakulaumu."

Nawaambia ukweli, nilitaka. Sindano ilikuwa mkononi. Lakini nilikuwa nimetoka kushona kitu nilichokiona kwa macho yangu mawili, na shahidi juu, na hakikuwa kile. Sasa nishone nisichokiona kabisa? Siku mtu wa Kerende akifunua pale, akasema hawa wanabuni, kitambaa chote kimekufa, na msitu wa Morotonga nao umekufa.

"Hapana," nikasema.

"Moyo wako jiwe tangu zamani," Bhoke akaniambia. Aligeuza uso.

Nikakalia mkeka karibu na miguu yake, nikaanza kufumua kaburi. Uzi mweusi nilikuwa nimeukaza sana, ikabidi nitumie wembe. Yule mwanamke anayesaga sikumgusa, maana ameonwa na watu wawili. Bhoke alisikia wembe. Baadaye akashusha mkono, akapapasa kitambaa mpaka akamkuta, akampitia na kidole kutoka kichwani mpaka magotini.

"Umenipa mgongo mpana," akasema.

"Ulikuwa mpana."

"Nilikuwa mwembamba kama fito. Ni wewe ulikuwa mdogo."

Nikamwuliza mama alikuwaje. Akasema alikuwa mrefu, na alikuwa hapendi kelele. Akatafuta kingine cha kusema, hakukipata. Naye alikuwa msichana tu.

Kurudi

Tulilala Kerende, tukaondoka asubuhi. Bhoke aliomba ashikwe asimame mlangoni. Nilimwambia ale ule mtama, asimgawie kila anayepita. Chacha alipowasha gari, Bhoke alikuwa ameegemea mwimo, ameinamisha kichwa anasikiliza. Niligeuka kumtazama mpaka njia ikakata kona. Mzee Marwa alinipa nafasi yake juu ya mabati ili nione vizuri, maana mabati yale yalikwenda na kurudi, shemeji wa Chacha hakupatikana.

Njiani hatukushona kitu. Korongo lilikuwa limekauka kama halikuwahi kuwa na maji. Tulipofika Nyansurura, Robi alitaka kumrekebisha nyumbu wake pembe, tukamwachia.

Kitambaa kipo kwenye ukumbi wa shule ya mwalimu, kimetundikwa, mnaweza kwenda siku yoyote. Mnafunua wenyewe. Naweni mikono. Mkifika upande wa Kerende kuna duara la kijani, chini yake ni mji wa baba yangu, na mlangoni kuna mwanamke anasaga. Pembeni yake mtaona matundu madogo ya sindano, msiulize. Yule mwanamke ni dada yangu Bhoke. Yu hai bado, mkipita huko mumsalimie. Mama yangu msimtafute, hayumo.